Ping imejibu, poti je?

Wadogo zangu mlioanza kazi juzi, wiki hii watatu kati yenu mmepiga ping kwenye seva, mkaona majibu, mkanijia mbio: "Kaka, poti iko wazi." Ping inauliza tu kama mashine inajibu; haigusi poti hata moja, yaani mlango wenye namba ambao programu husikilizia. Inatumia ICMP, itifaki ya kupeana taarifa za mtandao, nayo haina namba za poti. Nawapenda, lakini hili nimelisema mpaka nimechoka.

1. Kujaribu poti yenyewe, tumieni nc, amri ya kujaribu muunganisho: andikeni nc -zv, jina la seva, kisha namba ya poti.

2. Jibu lisomeni lilivyo. "Connection refused" ni kwamba umefika mlangoni ukarudishwa; mara nyingi hakuna programu inayosikiliza pale. "Timed out" ni kimya, pakiti zimemezwa, na mara nyingi iliyozimeza ni fayawoli, ule mlinzi wa mtandao anayeamua nani apite.

Mwaka wangu wa kwanza, tawi letu lilishindwa kufikia kanzidata ya PostgreSQL, poti 5432. Nikajaribu kutoka tawini: kishale kikapepesa weee, mwisho ikaja timed out. Nikasema kanzidata imekufa. Saa nne asubuhi nikaizima na kuiwasha, wahasibu wa makao makuu wakiwa katikati ya kufunga mwezi. Miamala ambayo haijakamilika yote ikafutika, na tawi bado kimya. Nikarudia tena! Mama mmoja wa uhasibu akaja mezani kwangu na bunda lake la risiti. Hakufoka. Aliuliza tu, "Mwanangu, nianze tena?" Akarudi kuanza na risiti ya kwanza, na mimi sikuwa na neno la kumwambia. Jioni mkubwa wangu aliingia kwenye seva, akaandika ss -tlnp, amri inayoorodhesha poti zinazosikilizwa, akaniwekea kidole kwenye 0.0.0.0:5432, yaani poti 5432 kwenye anwani zote za seva. PostgreSQL ilikuwa inasikiliza siku nzima. Anwani ya IP ya tawi ndiyo iliyobadilika, na fayawoli ilikuwa bado inaruhusu ile ya zamani. Kurekebisha kulichukua mstari mmoja.

3. Kwenye jibu la ss -tlnp, mkiona 127.0.0.1 badala ya 0.0.0.0, seva inajisikiliza yenyewe tu. Kwa PostgreSQL, tazameni listen_addresses kwenye mipangilio yake.

4. Pimeni kutoka aliko mtumiaji. Ukipima ukiwa ndani ya seva, fayawoli ya nje hujaigusa.

5. Kabla ya ufw enable, amri ya kuwasha fayawoli ya ufw, ruhusuni poti ya SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, kwa kawaida 22, msije mkajifungia nje. Kwenye UDP, itifaki isiyothibitisha kama pakiti imefika, msiiamini nc, maana kimya inaweza kukihesabu kuwa poti iko wazi.

Na mkitaka kuwasha upya kanzidata mchana, njooni kwangu kwanza, hata kama mnanikuta nakula.