Uyoga chini ya michungwa, nipige kopa?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nina michungwa huku Muheza, kila mwaka napiga haro ya trekta katikati ya mistari na kila mti naupa mbolea ya DAP. Jirani yangu aliacha trekta siku nyingi, anafyeka tu majani anayaacha hapohapo na kumwaga samadi, na miti yake imenawiri. Mwaka huu nikamuiga kwenye mistari michache, nikatandaza nyasi, sasa mvua zimenyesha naona uyoga na nyuzi nyeupe chini ya matandazo. Nipige kopa, ile dawa ya shaba ya kuua fangasi, kabla hawajashika mizizi? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Marahaba. Usipige, nakuomba kabisa. Hao ni fangasi wanaoozesha nyasi na vijiti vilivyokufa, mchungwa mzima hawaugusi. Labda uyoga uote kwa vishada pale shinani kabisa na ukibandua gome ukute utando mweupe, hapo mizizi inaoza, mwite mtaalamu auone mti huo.

Ila kuna fangasi wengine huwaoni kwa macho na hao ndio nataka uwatunze. Wanaishi ndani ya vimizizi vidogo. Mchungwa vinyweleo vyake vya mizizi ni vichache na vifupi, kwa hiyo unategemea nyuzi za hao fangasi ziuletee fosforasi na zinki kutoka pale mzizi usipofika, na mti nao unawalisha sukari. Marekani kuna vitalu vilikuwa vinafukiza udongo kwa sumu ili kuua magonjwa, miche ya michungwa ikadumaa vibaya, mwaka 1972 watafiti Kleinschmidt na Gerdemann wakaonyesha kumbe shida ni kwamba fangasi rafiki nao waliuawa.

Sasa angalia unachofanya wewe. Haro inakatakata zile nyuzi kila msimu, na DAP asilimia 46 yake ni fosfati, udongo ukishiba fosforasi mti unaacha kuwalisha wale fangasi nao wanapungua. Sisemi uache mbolea, nasema pima udongo kwanza, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kipo hapohapo Muheza na udongo ndio kazi yao. Kopa nayo haiozi, inayodondoka inabaki udongo wa juu na kuongezeka mwaka hadi mwaka, na hili nawaambia hata wenzetu wa kilimo hai maana kwao kopa inaruhusiwa pia, mtu anaweza kuwa na cheti na bado anaumiza udongo wake.

Katikati ya mistari panda kunde au mahindi, hayo yanaishi na fangasi haohao kwa hiyo wanapata chakula, kabichi haiwasaidii kitu.

Adui wa kumuogopa ni fitofthora, anayeozesha mizizi na gome, na huyo kwa kweli hata si fangasi ingawa dukani watakuuzia dawa za fangasi. Anapenda maji yaliyotuama. Kwa hiyo samadi na matandazo viache kama futi moja kutoka shinani, pale mche ulipobebeshwa (ulipounganishwa na shina la chini) pasifukiwe na udongo, na kama maji yanasimama chimba mfereji kabla ya masika. Pita mti kwa mti uangalie gome karibu na ardhi, ukikuta gundi inavuja fukua udongo hapo shinani pakauke, halafu peleka sampuli ya mizizi kwa wataalamu kabla hujanunua dawa yoyote.