Kontrola au mashine?
Umeuliza kontrola, yule anayeongoza ndege kwa redio toka chini, akisema shuka alafu mashine ya kuzuia kugongana iliyo ndani ya ndege ikasema panda, rubani afuate ipi. Mashine, hapo hamna mjadala, kontrola atajulishwa baadae. Hiyo imelipiwa kwa damu bana, 1 Julai 2002 juu ya Überlingen Ujerumani, ndege ya Warusi aina ya Tupolev iliambiwa na kontrola ishuke huku mashine yao inapiga kelele panda panda, wakamtii kontrola, kumbe Boeing 757 ya DHL nayo inashuka maana mashine yake ndo ilivyoiambia, wakakutana hukohuko, watu 71 wakafa. Na kontrola mwenyewe usiku ule alikuwa peke yake na skrini mbili, mwenzie kaenda kupumzika. Mashine za ndege mbili zinapatana zenyewe nani apande nani ashuke, ukimsikiliza mtu katikati ushavuruga.