Hela za karo: msikimbilie kusajili shirika

Dada, umeuliza kama chama chenu cha watu wa kwenu mlioko Nairobi kisajili shirika lake, ili michango ya karo isiendelee kukaa kwenye M-Pesa ya mweka hazina. Kwenye simu ya mtu mmoja isikae, hilo halina mjadala. Lakini shirika lina bodi, mkaguzi na ripoti za kila mwaka, na kazi yote itawaangukia wawili watatu wenye moyo.

Ningeanza kwa kubisha hodi kwenye wakfu wa jamii, yaani taasisi inayotunza mifuko ya vikundi vingi kwa pamoja. Kenya tunao KCDF (Kenya Community Development Foundation) tangu 1997. Mnatoa mtaji, unawekezwa pamoja na wa vikundi vingine, faida ndiyo inayolipa karo. Shida ni kwamba mtaji mdogo huzaa kidogo. Kama kuna watoto wanarudishwa nyumbani muhula huu, gaweni: sehemu ilipe sasa, sehemu iwekezwe.

Kabla ya kutia sahihi ulizeni kiwango cha chini cha kufungua mfuko, ada ya usimamizi, na nani atachagua wanafunzi. (Hapo ndipo vyama vingi hugombana.)

Tena msijifunge kwa masharti. Frederick Goff, mwanabenki aliyeanzisha wakfu wa kwanza wa aina hii Cleveland, Marekani, mwaka 1914, alikerwa na wosia uliofungia fedha za marehemu kwenye shida zilizokwisha kupita. Andikeni "elimu ya watoto wa kata yetu", si "karo ya bweni shule fulani". Shule hufungwa, na sera za karo kwetu mnazijua.