Kabla hujaingia uwandani: kwa wanaoanza utafiti wa lishe ya wajawazito na afya ya akili ya wanafunzi

Wengi wanaochagua mada hizi huanza na dodoso, kisha ndipo hutafuta swali la utafiti la kulitumikia. Anza na swali. Andika sentensi moja inayosema unataka kujua nini, kuhusu nani na katika kipindi gani, halafu uchague kipimo. Vipimo vya fani hizi mbili vina udhaifu unaofanana: kuvijaza ni rahisi sana, na kuvisoma vibaya ni rahisi vilevile.

Chukua kipimo cha anuwai ya mlo wa wanawake, MDD-W, ambacho FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitolea mwongozo wake mwaka 2016. Kinagawa vyakula katika makundi 10: nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, mikunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za majani za kijani kilichokolea, matunda na mboga nyingine zenye vitamini A kwa wingi, mboga nyinginezo, matunda mengineyo. Mwanamke wa miaka 15 hadi 49 aliyekula makundi 5 au zaidi jana, mchana na usiku, anahesabiwa amefikia kiwango cha chini. Siagi haiingii kwenye kundi la maziwa, inahesabiwa mafuta. Kilicholiwa chini ya gramu 15, yaani kama kijiko kimoja cha chakula, hakihesabiwi. Hapa ndipo wadodosaji wapya hukosea: wanaona unga kidogo wa samaki kwenye mchuzi na kuweka alama ya kundi zima.

Usimsomee mhojiwa orodha. Ukimuuliza "Jana ulikula mboga?" atajibu ndiyo, kwa sababu anajua ndilo jibu linalopendeza. Mwache asimulie siku yake tangu alipoamka, bila kumkatiza. Kisha rudi nyuma naye: kati ya chakula hiki na kile kulikuwa na kitu? Ulikula chochote nje ya nyumbani? Mchuzi huo uliwekwa nini na nini? Mwisho kabisa ndipo wewe, si yeye, uweke alama kwenye makundi. Sambaza siku za kuhoji katika wiki nzima, maana mlo wa siku ya mapumziko huwa tofauti na wa siku ya kazi.

Kipimo hiki ni cha kundi la watu. Siku moja ya mama mmoja haikuambii anavyokula kwa kawaida, kwa hiyo usimwambie mtu lishe yake ni mbaya kwa kuwa amepata makundi 4. Wala hakipimi kiasi. Kama swali lako ni iwapo wajawazito wanapata madini ya chuma ya kutosha, unahitaji uzito wa kila chakula, na sehemu ya sampuli uihoji siku mbili zisizofuatana.

Kwa mwili wenyewe, mzingo wa mkono ni bora kuliko uwiano wa uzito na urefu, kwa sababu uzito hupanda na mimba ilhali mkono hubadilika kidogo. Mkunje kiwiko cha kushoto, tafuta katikati ya ncha ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, weka alama kwa kalamu, kisha mkono uning'inie umelegea. Utepe uguse ngozi bila kuibana. Soma hadi milimita. Mipaka inayotumika kwa wajawazito, ambayo chini yake mama anahesabiwa ana lishe duni, ni kati ya sentimita 21 na 23. Chagua mmoja kabla ya kukusanya data na uuandike kwenye pendekezo la utafiti. Kuuchagua baada ya kuona matokeo ni kujidanganya.

Kipimo cha damu ya kidole nacho kina mtego wake. Futa tone la kwanza, na usikamue kidole: maji ya tishu yatachanganyika na damu, na mama mwenye damu ya kutosha ataonekana amepungukiwa. Andika umri wa mimba kwa wiki, kwani kwa mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 2024 mpaka wa hemoglobini, kijenzi cha damu kinachobeba oksijeni, ambao chini yake mama anahesabiwa amepungukiwa damu, ni gramu 11 kwa desilita katika miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho, na 10.5 katika ile ya katikati. Sehemu za miinuko zina marekebisho yake. Na kama umepima hemoglobini peke yake, andika "upungufu wa damu", usiandike "upungufu wa madini ya chuma". Malaria, minyoo na magonjwa ya kurithi hushusha damu pia.

Sasa afya ya akili. Dodoso la PHQ-9, linalopima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa), lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, na mpaka unaotumika zaidi ni 10. Tafadhali fanya hesabu hii kabla ya kuandika sentensi ya kwanza ya matokeo. Katika utafiti wa 2001 uliolithibitisha, mpaka huo ulinasa asilimia 88 ya wenye sonona kali na kuwaondoa asilimia 88 ya wasio nayo. Tuseme una wanafunzi 1,000 na walio na sonona kweli ni 100. Dodoso litanasa 88 kati yao. Kati ya 900 wasio nayo, litawanasa 108 kimakosa. Jumla ni 196, na kichwa cha habari kitasema karibu mmoja kati ya watano ana sonona, ilhali ni mmoja kati ya kumi. Ndiyo maana tunasisitiza maneno "walipata alama 10 au zaidi". Utambuzi wa ugonjwa hufanywa na mtaalamu kwa mahojiano.

Tarehe nayo ina uzito. Ukikusanya data wiki ya mitihani, utapima mitihani. Taja kwenye ripoti ulikusanya lini ukilinganisha na kalenda ya masomo.

Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na hapo hakuna nafasi ya kubahatisha. Dodoso likiwa na jina au namba inayomtambulisha mtu, ni lazima jibu hilo lisomwe siku hiyohiyo, kabla mwanafunzi hajaondoka kama inawezekana. Fomu zisikae kwenye boksi zikisubiri uchambuzi. Kabla ya siku ya kwanza, uwe na makubaliano ya maandishi na mshauri nasaha au kliniki, na jina la aliye zamu kila siku. Wafundishe wadodosaji kuuliza waziwazi, kwa utulivu. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kujiua. Mwenye hatari asiachwe peke yake hadi akabidhiwe kwa mtaalamu, na asiahidiwe siri isiyo na mipaka. Fomu ya ridhaa iwe imekwisha kusema mapema ni lini siri italazimika kuvunjwa.

Kama utafiti ni wa mtandaoni na hautaji majina, hutaweza kumfuatilia mtu. Kuna PHQ-8, isiyo na swali hilo, na mpaka wake ni uleule 10. Hata hivyo weka mawasiliano ya msaada mwishoni kwa kila mshiriki. Na mwalimu anayewasahihishia mitihani asigawe wala asikusanye dodoso. Ridhaa mbele yake haiwi huru.

Wapo watakaounganisha mada zote mbili kwa kuchunguza wanafunzi wajawazito. Hao tunawashauri watumie kipimo cha sonona cha Edinburgh cha 1987 badala ya PHQ-9. PHQ-9 huuliza uchovu, usingizi na hamu ya kula, mambo ambayo mimba huyabadilisha hata kwa mtu mwenye furaha. Cha Edinburgh kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na la mwisho ndilo la kujidhuru, kwa hiyo utaratibu wa hapo juu unabaki palepale.

Katika kuunganisha huko, usiandike kwamba mlo duni unaleta sonona kwa sababu umeviona pamoja siku moja. Sonona nayo huua hamu ya kula, na umaskini husababisha vyote viwili. Njaa ya Uholanzi ya 1944–45 iliwapa watafiti ushahidi wenye nguvu zaidi kwa sababu ilianza na kwisha kwa tarehe zinazojulikana, na kumbukumbu za vizazi zilihifadhiwa. Waliotungwa mimba njaa ilipokuwa kali zaidi walikuja kuonekana na hatari kubwa zaidi ya skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili. Wewe mwenye dodoso la siku moja andika "vinahusiana", kisha orodhesha ulivyopima ili kutenganisha sababu: kipato, muhula, umri wa mimba, mwaka wa masomo.

Kuhusu sampuli, fomula ya kawaida ya kukadiria asilimia (kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5) hutoa 385, na ukitegemea asilimia 10 hawatajibu utafikia 428. Lakini ukichagua madarasa mazima, namba hiyo haitoshi, kwani wanafunzi wa darasa moja hufanana. Mwone mtakwimu kabla ya kupeleka pendekezo kwenye kamati ya maadili. Baada ya data kuingia hawezi kukuongezea watu.