Jibu: Makrofaji zilizopewa LPS kutoitikia FCCP
Umeuliza kwa nini makrofaji (seli za kinga) za panya, baada ya saa 24 kwenye LPS (kijenzi cha ukuta wa bakteria kinachoziamsha), haziongezi matumizi ya oksijeni ukizitilia FCCP, kemikali ambayo kwa kawaida husukuma mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zipumue kwa kasi ya juu kabisa. Usianze kuilaumu FCCP. LPS huamsha kimeng'enya cha iNOS, na naitriki oksaidi inayotoka hapo huziba mnyororo wa elektroni, yaani sehemu ya mitokondria inayotumia oksijeni; seli hubaki kutegemea glaikolisisi (kuvunja glukosi bila kutumia oksijeni). Rudia jaribio ukiweka LPS pamoja na kizuizi cha iNOS, yaani 1400W. Upumuaji (matumizi ya oksijeni) ukirudi, tatizo ndilo hilo. Usiporudi, jaribu FCCP mikromola 0.5, 1 na 2, maana ikizidi huua upumuaji wenyewe.

Tafadhali pima pia saa chache za mwanzo: hapo mitokondria bado huchoma saksineti (moja ya mafuta yake) na kutoa radikali za oksijeni zinazoimarisha HIF-1 alfa (protini inayowasha jeni), ndipo IL-1 beta (protini ya uvimbe) hupanda. Makrofaji za binadamu hutoa naitriki oksaidi kidogo mno. Kwa hiyo usitarajie matokeo hayo hayo kwao.