Kivuli cha mwembe hakihitaji nyeusi

Swali: Nachora miembe karibu na ufuo wa Dunga kwa rangi za akriliki, nikitafuta mwanga kama ule wa mchoraji Mfaransa Monet alipochora misonobari ya Antibes, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa. Vivuli vyangu vinageuka tope. Mwenzangu amenishauri ninunue nyeusi iliyo nzito zaidi. Ninunue ipi? – Mchoraji, Kisumu

Jibu: Usinunue yoyote, ndugu yangu. Ushauri huo nakutana nao karibu kila wiki, na ndio unaoharibu kazi nyingi za ufuoni.

Chini ya mwembe jua halifiki, lakini anga inafika. Kivuli kina mwanga wake, wa buluu, na ukiwa kando ya ziwa, mchanga na maji hurudisha mwanga mwingine wa joto unaogusa matawi kwa chini. Nyeusi inazima yote mawili. Ukiipaka njano ili kuifufua, unapata kijani kilichofifia, na hiyo ndiyo tope yako.

Tazama majani ya tawi moja. Jani lililo kati yako na jua linapitisha mwanga, nalo ni kijani cha kuelekea njano, kama ndimu inayoiva. Jirani yake aliyelala kuitazama anga anang'aa kijivu cha buluu. Hakuna chupa moja ya kijani itakayokupa yote mawili.

Kwa kivuli, anza na buluu ya kobalti sehemu 2, kijani cha viridiani (kijani baridi cha kuelekea buluu) sehemu 1, na wekundu wa alizarini (wekundu mzito wa damu) kiasi cha punje ya mtama. Usizidishe rangi tatu. Changanya iwe nyepesi kidogo kuliko unavyoona, kwa sababu akriliki huingia giza ikikauka. Maji ya brashi yabadilishe mara kwa mara. Mengi ya hayo matope huanzia kwenye kikopo.

Monet alikuwa Antibes kuanzia Januari hadi Mei 1888. Mwaka 1905 alitaja rangi anazotumia: nyeupe ya risasi, njano ya kadimiamu, vamilioni (nyekundu kali), wekundu wa mada (rangi ya mzizi wa mmea), buluu ya kobalti na kijani cha emaradi. Nyeusi haimo. (Nyeupe ya risasi ni sumu, nyeupe ya titani inatosha.)

Ila orodha hiyo haitakupa mwanga wa Antibes. Katikati ya Januari jua la kule hufika kimo cha nyuzi 25 hivi tu juu ya upeo wa macho adhuhuri, kwa hiyo linapiga miti kwa ubavu kutwa nzima. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Jua letu hupita kimo hicho kama saa mbili na nusu asubuhi, na kukirudia saa kumi na moja jioni. Chora saa hizo, dakika 45 kwa kikao. Weka mipaka ya vivuli katika dakika 10 za kwanza, kisha usiikimbize jua likisogea.

Jihadharini na wanaouza mafunzo ya siku mbili yenye "mchanganyiko wa Antibes" na picha ya simu ya kunakili. Wanachukua pesa za vijana na kuwafundisha kosa la kamera. Simu ikipima maji yanayong'aa, huacha kivuli kiwe cheusi tii, na mwanafunzi anaamini ndivyo kilivyo. Ukilazimika kupiga picha, piga moja ukigusa kivuli kwenye kioo, nyingine ukigusa maji, na rangi za kivuli zichanganye ukiwa bado chini ya mti.