Bamba na bawa kwa mzamiaji wa maji ya joto: lipi la kununua na namna ya kulitunza

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba umechoka kukodi majaketi ya kuelea na unataka mfumo wako wa bamba (sahani ngumu ya mgongoni yenye mikanda, inayoshika mtungi) na bawa (mfuko wa hewa unaokaa kati ya bamba na mtungi), kwamba unazamia zaidi Pemba na mara mojamoja Mombasa ukiwa na suti ya milimita 3 na mitungi ya alumini ya kituo, na kwamba unataka kujua mambo matatu: bamba la chuma au la alumini, bawa la mviringo au la umbo la U, na kipi kitadumu. Nimetumia aina zote hizo katika pwani yetu na nimehudumia za wenzangu pia. Swali la tatu ndilo litakalochukua nafasi kubwa katika jibu hili, kwa sababu nimeona mabawa mazuri yakiharibika mapema mikononi mwa watu waliochagua vizuri.

Mfumo huu ulianza kwa wazamiaji wa mapango wa kaskazini mwa Florida mwishoni mwa miaka ya 1970. Greg Flanagan ndiye hutajwa kwa bamba lenyewe, na William Hogarth Main kwa utaratibu wa kufunga mikanda bila mapambo yasiyo na kazi. Watu hao walibeba mitungi pacha, walikaa majini kwa muda mrefu, na ilikuwa lazima walale sambamba na sakafu ya pango ili mapezi ya miguuni yasitimue tope. Nalitaja hili kwa sababu ushauri mwingi unaousoma kuhusu mabawa makubwa na mitungi mizito umetoka katika mazingira hayo au katika maji ya baridi ya Ulaya, ambako watu huvaa suti kavu zisizoingiza maji. Bahari ya Pemba huwa karibu nyuzi 25 wakati wa kusi na hukaribia 30 wakati wa kaskazi. Hesabu yako ni tofauti na yao.

Tuanze na hesabu hiyo. Mtungi wa alumini wa lita 11.1, ambao vituo vingi vya pwani hii hutumia, ukijazwa hadi bar 207 hubeba hewa yenye uzito wa kilo 2.7 hivi. Ukiwa umejaa huzama kidogo, lakini ukiwa mtupu huelea kwa karibu kilo 2, na hapo ndipo mzamiaji anayefunga vipande vichache vya risasi vya kuongeza uzito hushindwa kutulia anaposimama kwa usalama kwenye kina cha mita tano kabla ya kutoka majini. Bamba la chuma kisichoshika kutu lenye unene wa milimita 3 lina uzito wa kilo 2.7 au pungufu kidogo, na likiwa majini huvuta chini kwa kilo 2.3 hivi. Bamba la alumini la ukubwa uleule lina uzito usiofika kilo moja, na majini nguvu yake ya kuzamisha ni karibu nusu kilo tu. Kumbuka pia kwamba jaketi la kukodi lina sponji na vitambaa vinavyoelea vyenyewe. Kwa hiyo mtu wa kawaida aliyekuwa akifunga kilo 5 za risasi na jaketi, akihamia kwenye bamba la chuma, mara nyingi hubaki na kilo 1 au 2 tu za kufunga kiunoni. Uzito unahama kutoka nyonga hadi mgongoni, juu ya mapafu, na mwili unalala wenyewe bila miguu kuzama.

Kwa hali uliyoieleza, basi, ningenunua la chuma. La alumini lina sababu mbili tu za maana. Ya kwanza ni safari: ndege ndogo za kwenda Pemba na Mafia kwa kawaida huruhusu mzigo wa takribani kilo 15, na risasi utaikuta huko huko bila kuibeba. Ya pili ni mitungi ya chuma, ambayo hubaki inazama hata ikiwa mitupu, kiasi kwamba bamba zito likiongezwa juu ya suti nyembamba, mzamiaji anakuwa hana uzito wowote wa kutupa bawa likipasuka. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Mitungi pacha ya chuma pamoja na suti ya milimita 3 ni mchanganyiko wa hatari, kwa kuwa hewa iliyomo humo peke yake ina uzito ambao mtu hawezi kuupandisha kwa mapezi tu, na kwenye kuta za chini ya maji za kisiwa cha Misali, karibu na Pemba, hakuna sakafu ya karibu ya kukupokea. Kanuni ninayoifuata ni hii: bawa likiwa tupu na mtungi ukiwa umejaa, niweze kupanda kwa miguu yangu, na angalau sehemu ya risasi yangu iwe kwenye mkanda ninaoweza kuuachia kwa mkono mmoja.

Sasa bawa. Watu huliuliza kana kwamba kubwa ndilo salama, na sivyo. Bawa lina kazi mbili: kufidia uzito wa hewa utakayoitumia pamoja na nguvu ya kuelea inayopotea suti inapobanwa na kina, na kukifanya kifaa chote kielee juu ya maji ukikivua. Kwako kazi ya kwanza haifiki kilo 5. Kazi ya pili, ukijumlisha mtungi uliojaa, regulata (kifaa cha kuvutia pumzi), bamba na vifungo vyake, ni kilo 6 au 7. Bawa lenye uwezo wa kuinua kilo 11 lingetosha, na la kilo 13 linakupa nafasi ya ziada kwa mawimbi ya kusi. La kilo 20, lililoshonwa kwa ajili ya mitungi pacha, likifungwa kwenye mtungi mmoja hujikunja pande zote mbili na kuubana, hewa hufichwa ndani ya mikunjo, na kitambaa kilichozidi hukokota dhidi ya mkondo siku za bamvua.

Kuhusu umbo, mimi nachagua la mviringo kwa mtungi mmoja. Katika bawa la umbo la U hewa hupita kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa juu tu, karibu na shingo, kwa hiyo ukiinamisha kichwa kuchungulia chini ya mwamba na ukalala ubavu, hewa inaweza kubaki upande wa kulia ilhali vali ya chini ya kutolea hewa iko kushoto. Katika la mviringo hewa huzunguka pia kwa chini. Mzamiaji aliyetulia hatauona utofauti mkubwa, na la U lina sifa yake kwamba halina kitambaa kinachobanwa chini ya mtungi, lakini kwa anayejifunza kutoa hewa akiwa amelala, la mviringo linasamehe zaidi. Mabawa yenye kamba za mpira zilizozungushwa ili yajikunje vizuri siyapendi kabisa. Kamba zinatengeneza mikunjo inayoshika hewa, zinafanya kujaza kwa mdomo kuwe kazi ngumu, na tundu likitokea zinaendelea kusukuma hewa nje.

Kuna mabawa ya ngozi moja, yaani nailoni iliyopakwa poliuretani (aina ya plastiki) na kuunganishwa kwa joto, na kuna ya ngozi mbili, yenye kibofu cha ndani na ganda la nje la nailoni nene lenye zipu. La ngozi moja ni jepesi na hukauka haraka. La ngozi mbili hustahimili mikwaruzo zaidi, na kibofu chake kinabadilishwa bila kutupa bawa zima. Kwa kuwa unasema unakwenda pia kwenye meli ya MV Dania, iliyozamishwa kwa makusudi nje ya Mombasa mwaka 2002, na kingo za meli ya chuma iliyokaa majini muda huo hazina huruma, nakushauri la ngozi mbili.

Mikanda sitaizungumzia sana. Chukua ukanda mmoja mfululizo wa upana wa milimita 50 usio na vifungo vya plastiki mabegani, pamoja na mkanda unaopita katikati ya mapaja unaozuia kifaa kisipande shingoni. Ukanda wa mabegani usiubane: ukiwa umevaa suti, ngumi yako ipite kati ya mkanda na kifua. Ubaya wa ukanda huo ni kwamba majeruhi hawezi kuvuliwa kwa urahisi, kwa hiyo mwenzako ajue kuwa ukanda huo unakatwa, na kikatio kiwe mahali anapokifikia.

Sasa utunzaji, na hapa naomba uvumilivu. Wengi huosha bawa nje na kulitundika. Linaloliua liko ndani. Kila mzamo maji ya chumvi huingia kupitia vali na kupitia mdomo wa kijazio (kifaa cha kujazia na kutolea hewa kilicho mwisho wa bomba la mikunjo), maji yanakauka, na chembe za chumvi zinazobaki ni kali kiasi cha kukwaruza utando wa ndani kila kibofu kinapokunjwa, tena hukaa kwenye kiti cha vali na kuizuia isifunge. Baada ya siku ya mwisho ya kuzamia, mimina lita moja ya maji matamu kupitia mdomo wa kijazio huku ukibonyeza kitufe cha kutolea hewa, jaza hewa, tikisa kila upande, kisha toa maji nusu kupitia kijazio na nusu kupitia vali ya chini ili njia zote mbili zisafishwe. Rudia hadi maji yanayotoka yasiwe na ladha ya chumvi. Kuonja kwa ncha ya ulimi kunatosha. Usivute pumzi kutoka ndani ya bawa, kwa sababu kuvu na bakteria huota humo.

Maji yenyewe yana neno. Visima vingi vilivyo karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi, na pipa la kuoshea la kituo, likishapokea vifaa vya watu kumi tangu asubuhi, ni bahari ndogo. Mimi huweka madumu ya maji ya mvua kwa ajili ya suuza ya mwisho ya ndani, na kwa sehemu nyingine natumia yaliyopo.

Kausha bawa likiwa limejazwa nusu, kivulini, likining'inizwa kwa bamba na si kwa bomba la mikunjo. Jua hudhoofisha nailoni, hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba baadhi ya aina za poliuretani huvunjwa na joto pamoja na unyevu, hata pasipo jua: kuta za kibofu huanza kunata, hutoa harufu kali, na baadaye maungio huachana. Stoo ya bati iliyofungwa, au sanduku la plastiki ambamo bawa limewekwa likiwa bado na umande, ndiyo mazingira hasa yanayoleta uharibifu huo, na hakuna gundi itakayouponya. Maungio yakiachana, badilisha kibofu. Tundu la msumari au la mwamba, kwa upande mwingine, huzibika kwa gundi ya poliuretani ukisafisha mahali pake kwa spiriti na kusubiri siku nzima. Matundu mengi niliyoyaziba hayakutoka baharini, yalitoka kwenye kibofu kubanwa kati ya bamba na mtungi wakati wa kufunga, kwa hiyo pitisha mkono nyuma ya bawa kabla ya kukaza.

Kijazio ndicho sehemu ya hatari zaidi. Ndani yake mna vali ndogo inayofanana na ya gurudumu la gari; ikishika mchanga au chumvi inaweza kukwama ikiwa wazi, bawa likajaa lenyewe na kukupandisha. Zoea kuuchomoa mpira unaoleta hewa kutoka kwenye mtungi kwa mkono mmoja bila kuangalia. Chunguza mikunjo ya bomba kwa kuinyoosha, badilisha vibano vya plastiki kila mwaka, na paka oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) mafuta ya silikoni kidogo tu, maana yakizidi huvuta mchanga. Vali za kutolea hewa fungua kwa mkono, suuza kiti na springi, rudisha kwa mkono. Koleo huvunja nyuzi za skrubu za plastiki. Kisha jaza bawa jioni hadi liwe gumu na uliache hadi asubuhi. Likilegea kidogo huenda ni baridi ya usiku tu, likilala kabisa tafuta tundu kwa maji ya sabuni.

Bamba la chuma likitoa madoa ya kahawia, hasa la daraja la 304 (daraja la 316 lina molibdeni na hustahimili chumvi zaidi), lisugue kwa kitambaa kigumu cha nailoni. Usitumie steliwaya ya kuoshea sufuria, kwa sababu huacha chembe za chuma cha kawaida ambazo zenyewe zitashika kutu. Bamba la alumini huliwa pale linapogusana na bolti za chuma, na utaona unga mweupe kuzunguka matundu. Washa (pete bapa za bolti) za nailoni na suuza nzuri hupunguza jambo hilo. Katika mabamba yote, kagua ukanda mahali unapopita kwenye tundu, kwani kingo kali hukata nyuzi polepole. Fundi viatu mzuri anaweza kukushonea mkanda mpya, mradi utumike uzi wa poliesta na si wa pamba. Mikanda ya mtungi iloweshe kabla ya kuikaza, kwa kuwa nailoni hulegea ikilowa.

Mwisho, matundu ya bolti kwenye bamba karibu yote huachana kwa milimita 279 kutoka kitovu hadi kitovu, hivyo bamba la mtengenezaji mmoja hupokea bawa la mwingine, na huna haja ya kununua vyote mahali pamoja. Ukiagiza bawa, agiza papo hapo kibofu cha akiba, seti moja ya oringi za kijazio na vali moja ya chini, kwa sababu vitu hivyo ni vya bei ndogo kuliko bawa lakini si rahisi kuvipata madukani huku kwetu, na msimu wa kuzamia haungoji mzigo ufike.